Usiingie Darasani Kama Mgeni

Hampton, Virginia
Agosti

Mwanangu mpendwa,

Habari ya ajira yako Baltimore imetufurahisha mno. Mama yako alipiga simu kutoka Muheza, hata salamu hazijaisha keshaanza kushangilia, kisha akaniagiza nikuusie kama ambavyo angekuusia mwenyewe angekuwa karibu. Dada yangu akiniagiza sina pa kukimbilia, kwa hiyo pokea wosia huu kama umetoka kwa mama zako wawili.

Kuna jambo ulilonieleza siku ile ambalo sikulijibu vizuri kwenye simu. Ulisema kwamba kwenye sherehe ya Watanzania wenzetu kuna jamaa alikupa pole badala ya pongezi. Alikwambia unakwenda kufundisha watoto wa Wamarekani Weusi, watu wasiothamini shule, uvumilie kidogo upate uzoefu, kisha uhamie kwingine. Mwanangu, maneno hayo nimeyasikia harusini, misibani na kwenye vikao vyetu vya michango, na wanaoyasema ni watu wema, wasomi, wenye huruma kwa jambo jingine lolote. Ndiyo maana yananiuma. Nakuandikia ili ujue unaingia nyumba ya nani, na ni nani waliojenga kuta zake.

Kwa vizazi kadhaa, katika majimbo kadhaa ya nchi hii, kumfundisha mtu Mweusi kusoma na kuandika kulikuwa kosa mbele ya sheria. South Carolina ilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kuandika tangu mwaka 1740. Hapa kwetu Virginia, sheria ya mwaka 1831 iliyahesabu madarasa ya watu Weusi, hata wale walio huru, kuwa mikusanyiko haramu. Sasa jiulize: nani hutunga sheria kali ya kuzuia kitu kisichotakiwa na mtu? Sheria zile zenyewe ni ushahidi wa kiu ya elimu iliyokuwapo, na wa watu waliokuwa tayari kuchapwa kwa ajili ya alfabeti.

Yuko binti mmoja, Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1848. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1902, anasimulia jinsi alivyosoma mjini Savannah. Yeye na kaka yake walikwenda kila asubuhi kwa mjane mmoja Mweusi aliyekuwa huru, vitabu vyao vimefungwa karatasi ili polisi na Wazungu wasivitambue. Watoto walipita getini mmoja mmoja, wakavuka ua, wakaingia jikoni, na jiko ndilo lililokuwa darasa. Kutoka nako kulikuwa kwa zamu, wasionekane kundi. Majirani walidhani wanafundishwa kazi za mikono. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomfungulia mlango wa uhuru, mwaka 1862, Susie alipewa shule ya kufundisha katika kisiwa cha St. Simons. Alikuwa na umri wa karibu miaka 14. Mchana alifundisha watoto, usiku wakaja watu wazima wenye kiu ileile.

Na hapa ninapoishi, mwanangu, kuna mti. Ukija nitakupeleka. Ni mwaloni mkubwa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Hampton, matawi yake mazito yametanda chini chini kiasi kwamba mengine unayafikia kwa mkono, na majani yake hayapukutiki yote hata wakati wa baridi. Chini ya mti huo, Septemba mwaka 1861, mwanamke aitwaye Mary Peake alikusanya watu waliotoroka utumwa na kukimbilia ngome ya Fort Monroe, akaanza kuwafundisha. Ngome hiyo iko mahali palepale ambapo mwaka 1619 waliteremshwa Waafrika wa kwanza kuletwa katika koloni la Virginia, watu waliotekwa Angola.

Mary Peake alikuwa mshonaji, mtu huru, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifundisha kwa siri nyumbani kwake. Vita vilipoanza, majeshi ya Kusini yaliuchoma moto mji wa Hampton, na nyumba yake ikateketea pamoja na nyingine. Hakusubiri apate nyumba ndipo aanze shule. Watoto alikuwa nao mchana, wazazi wao jioni. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha mshika. Alipozidiwa, wanafunzi walizunguka kitanda chake naye akaendelea kuwasomesha akiwa amelala. Alifariki Februari mwaka 1862, miezi michache tu baada ya kuanza. Mwaka 1868 taasisi ya Hampton ilianzishwa katika eneo hilohilo, na humo ndimo alimosoma Booker T. Washington, aliyekwenda kuianzisha Tuskegee huko Alabama mwaka 1881. Shule kubwa hizo mbili, na maelfu ya walimu waliotoka ndani yake, zimesimama juu ya kazi ya mama mgonjwa asiyekuwa na dawati hata moja.

Nimefundisha katika shule za mji huu mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nilipopata walimu wageni kutoka Afrika niliwapeleka chini ya mti ule kabla sijawaonyesha duka la vitabu. Wengi walinyamaza. Mmoja alilia.

Sasa nije kwako Baltimore. Huko, North Avenue upande wa magharibi, kuna Chuo Kikuu cha Coppin State, kilichoanza kama chuo cha kuwaandaa walimu Weusi. Jina hilo ni la Fanny Jackson Coppin, aliyezaliwa mtumwa Washington mwaka 1837. Babu yake alijinunua mwenyewe na kuwanunua baadhi ya watoto wake, lakini mama yake Fanny aliachwa utumwani. Aliyemkomboa mtoto ni Sarah, ndugu wa mama yake. Alikuwa akilipwa dola 6 kwa mwezi, akaweka akiba mpaka zikafika dola 125, akamnunulia mtoto uhuru. Unaelewa kwa nini kisa hiki kinanishika? Mama mdogo wa watu alijinyima, na kutokana na kujinyima kwake, binti yule alisoma Chuo cha Oberlin, akahitimu mwaka 1865, na kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1869, akaongoza shule ya vijana Weusi Philadelphia iliyotoa walimu wa kutosheleza miji mingi. Mwaka 1902 yeye na mumewe, aliyekuwa askofu, walivuka bahari kwenda kufanya kazi Cape Town. Kabla hujafungua shule, nenda Coppin State. Simama pale, ulisome jina lile, na umkumbuke Sarah vilevile.

Huenda utasema hayo ni ya kwao, sisi tulikuja juzi. Hapana. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha barua yangu.

Katika wilaya ya Henrico, jimboni humu Virginia, alikuwapo mwalimu Virginia Randolph, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alikuta shule yake ya chumba kimoja imechakaa, uwanja ni tope. Alinunua kokoto kwa fedha zake, akapaka kuta chokaa, akafundisha watoto kusoma pamoja na kushona, kupika na kusuka vikapu, na jioni akawatembelea wazazi nyumba kwa nyumba. Mwaka 1908 akateuliwa kuwa wa kwanza katika kundi la walimu wasimamizi waliolipwa na mfuko wa Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za watoto Weusi. Randolph alizunguka shule zaidi ya 20, akiwainua walimu wenzake mmoja mmoja. Ripoti yake ilisambazwa Kusini kote, kisha ikavuka bahari. Mwaka 1925 Kenya ikapata Shule ya Jeanes, pale Kabete, ya kuwafunza walimu wasimamizi wa shule za vijijini. Jina hilo la Philadelphia na mpango huo wa Henrico vilifika kwetu kabla bibi yako hajazaliwa. Pale pale Kabete leo ndipo ilipo Shule ya Serikali ya Kenya, wanaponolewa watumishi wa umma.

Mmoja wa waliotusogezea habari hizo alikuwa Mwafrika mwenzetu. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, alifundisha kwa zaidi ya miaka 20 katika Chuo cha Livingstone, chuo cha watu Weusi huko North Carolina. Mwaka 1924 alipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar akiwa katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes, Mwafrika pekee miongoni mwao. Waafrika walimwona mtu wa rangi yao akizungumza na magavana bila kuinamisha kichwa, akisisitiza kwamba wasichana wasomeshwe kama wavulana. Wapo waliofunga safari kwenda Marekani kwa sababu yake.

Siyo kwamba kila kilicholetwa kilikuwa cha neema. Serikali za kikoloni ziliupenda mfumo wa kazi za mikono kwa sababu zao wenyewe: zilitaka Mwafrika abaki kijijini, ajue jembe na useremala, asiulize mengi. Mabishano hayohayo yalikuwa yakiwaka huku. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa mkuu wa sekondari ya M Street, Washington. Alishikilia kwamba watoto Weusi wasome Kilatini, hisabati na falsafa, wajiunge na vyuo bora. Mwaka 1906 wakubwa wake walimwondoa katika ukuu. Hakurudi nyuma: mwaka 1925, akiwa na zaidi ya miaka 60, alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Paris.

Ona sasa uzi huo ulivyofika kwetu. Mwaka 1927 kijana wa Kiambu, Mbiyu Koinange, alikuja kusoma hapa Hampton. Alisoma kwenye uwanja huohuo wenye mwaloni wa Mary Peake. Aliporudi nyumbani, mwaka 1939 alianzisha Githunguri chuo cha kuwaandaa walimu wa shule huru za Wakikuyu, shule ambazo wazazi wenyewe walizijenga kwa michango yao kwa sababu walikataa elimu ya kupimiwa. Jomo Kenyatta naye alikuja kukiongoza. Mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, Waingereza wakakifunga. Mtawala anayefunga chuo cha walimu amekiri mwenyewe anachokiogopa.

Kwa hiyo yule jamaa akikuambia "watu hawa", mjibu kwa upole kwamba hawa ni walimu wa walimu wetu.

Lipo deni jingine, na hili lililipwa kwa mkate. Septima Clark, wa Charleston, South Carolina, alianza kufundisha kisiwa cha Johns mwaka 1916, mji wake ukiwa bado unakataa kuwaajiri walimu Weusi katika shule zake za serikali. Alifundisha karibu miaka 40. Mwaka 1956 jimbo lake lilitunga sheria kwamba mtumishi wa umma asiwe mwanachama wa NAACP, chama kilichokuwa kikitetea haki za watu Weusi. Walimu wengi, wenye watoto wa kulisha, walificha uanachama wao, na mimi siwahukumu. Septima aliandika uanachama wake wazi. Akafukuzwa, na pensheni akanyimwa. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwalimu mmoja wa sekondari ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, alikuwa ameambiwa achague kati ya chaki na TANU. Julius Nyerere alijiuzulu ualimu mwaka 1955, na nchi nzima ikaendelea kumwita Mwalimu mpaka kifo chake. Watu wawili, mabara mawili, na swali moja waliloulizwa na wakubwa.

Wengine walilipa zaidi. Harry T. Moore na mkewe Harriette walikuwa walimu Florida. Walipigania mishahara sawa na haki ya kupiga kura, wakafukuzwa kazi mwaka 1946. Usiku wa Krismasi mwaka 1951 bomu lililipuka chini ya chumba chao cha kulala. Mume alifariki usiku uleule, mke siku tisa baadaye. Muuliza "watu hawa wana utamaduni gani wa shule" na asimame mbele ya jina hilo aulize tena.

Ilipofika mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wakili aliyeongoza kesi hiyo, Thurgood Marshall, ni mtoto wa Baltimore, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule hukohuko. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini walimu ndio waliotozwa gharama. Shule zilipounganishwa, ya watoto Weusi ndiyo iliyofungwa mara nyingi, na walimu wake wakaambiwa hawahitajiki. Inakadiriwa kwamba katika majimbo 17 ya Kusini na ya mpakani, walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965. Wengi walikuwa na shahada za juu kuliko waliochukua nafasi zao. Leo, katika kila walimu 100 nchini humu, Weusi ni kama 6 au 7, wakati watoto Weusi ni kama 15 katika kila wanafunzi 100. Unapoingia darasani mwako, kiti unachokalia kiliachwa wazi na watu waliofukuzwa.

Na kiti hicho kina uzito wake. Wachumi walifuatilia wanafunzi wa Tennessee, wakaona kwamba mtoto Mweusi aliyepata walau mwalimu mmoja Mweusi kabla ya kumaliza darasa la tatu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 13, wa kujiunga na chuo. Mmoja tu, mwanangu. Na wewe umepewa darasa la tatu.

Kuwaheshimu walimu hawa kwa maua ya Februari peke yake, mwezi wa kuikumbuka historia ya watu Weusi, hakutoshi. Heshima wanayostahili ni kufanya kazi kama walivyoifanya, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu. Baada ya kufukuzwa, Septima Clark alishirikiana na Esau Jenkins, kiongozi wa kisiwa cha Johns, kufungua shule ya watu wazima waliotaka kusoma ili waandikishwe kupiga kura. Januari mwaka 1957 ilianza katika chumba cha nyuma cha duka. Mwalimu wake, Bernice Robinson, alikuwa msusi, hajawahi kufundisha, na alichaguliwa kwa sababu hiyohiyo: asije akawadharau watu. Usiku wa kwanza aliwaeleza kwamba wote wamekuja kujifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kutuma pesa posta. Akaanzia hapo. Aliandika majina yao kwenye kadibodi ili wayafuatilie kwa penseli, mpaka mkono ukazoea. Shule za namna hiyo zikaenea Kusini kote, na maelfu waliozipitia wakaandikishwa kupiga kura.

Basi wiki ya kwanza waulize watoto wako wanataka kujua nini, na uyaandike majibu. Jifunze kutamka majina yao kama mama zao wanavyoyatamka. Watembelee wazazi kabla hujawa na malalamiko ya kuwapelekea, kama Randolph. Mzazi asipokuja mkutanoni, usiseme hajali. Uliza anafanya kazi zamu gani. Ukimkuta mwalimu mkongwe, au mpishi aliyeiona shule ile kwa miaka 30, mwamkie kama ungemwamkia mkubwa kwetu, ukae miguuni pake usikilize. Utakapochoka, na utachoka, usitafute faraja katika mazungumzo ya kuwasema watoto. Chumba cha walimu kina maneno yanayoua moyo wa kazi. Ukiyasikia, ondoka.

Watoto watakuuliza umetoka wapi. Waambie kuhusu Muheza, machungwa yake na shule aliyosomea mama yako. Kisha waonyeshe kwenye ramani Hampton, Henrico, Kabete na Githunguri, na uwaambie kwamba babu na bibi zao waliwafundisha watu waliokuja kuwafundisha wetu, na kwamba umekuja kuwarudishia walau sehemu ya kile tulichopokea. Mtoto wa miaka minane akijua kwamba watu wake wamewahi kuwa walimu wa dunia, atakishika kitabu kwa namna nyingine.

Nina ombi moja la mwisho. Baltimore ina walimu Weusi waliostaafu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote. Mtafute mmoja kabla ya Krismasi, umwombe akusimulie mwaka wake wa kwanza wa kazi, uandike neno kwa neno, nakala uipeleke maktaba ya shule na nyingine uniletee mimi. Tutaisoma pamoja na baba yako mdogo, kisha nitamsomea mama yako kwenye simu, ajue mtoto wake amefanya kazi na watu wa namna gani.

Mungu akutangulie, akupe subira na sauti ya kufundishia.

Akupendaye,
Mama yako mdogo